Watani wa Njia ya Kati

Mvua zikishakatika na mabani ya tumbaku yakapoa, viwanja vya vumbi vya magharibi mwa Tabora hupata wachezaji ambao hakuna chama cha mpira kinachowajua. Huja waoaji kupambana na makapera. Huja wanene na wembamba, walimu na wauguzi, wavuvi na wenye maduka, mashabiki wa Simba na mashabiki wa Yanga wa mtaa mmoja. Kitambi kinaruhusiwa, umri hauulizwi, na viatu ni hiari ya mwenye mguu. Zawadi ni mbuzi, kreti za soda, mara nyingine seti ya jezi kutoka kwa diwani anayeuona uchaguzi unakaribia. Refa, akiwapo, ni yeyote mwenye filimbi, na uamuzi wake hupokelewa kama ushauri.

Bonanza la namna hii halina katiba wala msajili, na mara nyingi halina hata tarehe iliyoandikwa mahali. Hata hivyo huchezwa mwaka baada ya mwaka na watu walewale, waliosoma pamoja, waliooleana dada, waliozikiana wazazi. Kinachozuia lisigeuke ugomvi ni taasisi kongwe kuliko reli ya kati. Taasisi hiyo ni utani. Historia yake inaandikika, kwa kuwa imeacha nyayo kwenye njia ya misafara, makaburini, katika majarida ya wataalamu na katika matokeo ya mpira.

Usinge ni mahali pazuri pa kuianzia. Ni mji mdogo wa Wilaya ya Kaliua, kituo kwenye reli iendayo Kigoma. Kaliua yenyewe, njia panda ambapo reli ya Mpanda huchepuka kwenda kusini, ilikuwa sehemu ya Urambo hadi ilipofanywa wilaya mwaka 2012. Magharibi ya hapo nchi inashuka kuelekea Ziwa Sagara na mto Malagarasi, kwenye ardhi oevu ya Malagarasi na Muyovosi. Mwaka 2000 eneo hilo liliorodheshwa chini ya Mkataba wa Ramsar, la kwanza nchini Tanzania. Leo mtu hupita huko akiwa amekaa dirishani kwenye behewa, ananunua samaki stesheni na kuendelea na safari yake. Karne ya 19 alipita kwa miguu, na mzigo begani.

Richard Burton na John Speke waliingia Kazeh, yaani Tabora ya leo, tarehe 7 Novemba 1857, siku ya 134 tangu waondoke pwani. Walifika Ujiji Februari 1858, baada ya kuvuka Malagarasi na kulipa hongo ya kivuko ambayo Burton aliilalamikia kwa uchungu. Vitabu vinawataja hao wawili. Njia yenyewe ilikuwa ya wengine. Wanyamwezi walikuwa wakishuka pwani na pembe za ndovu kabla Mzungu yeyote hajaijua, na waliufanya upagazi kuwa shule ya ujana: kijana ambaye hajaiona bahari alihesabiwa bado mtoto, hata kama ndevu zilishaota. Mzigo ulikaribia kilo 30, na juu yake mpagazi aliongeza mkeka wake, chungu, na bunduki ikiwa anayo. Kirangozi alitangulia na pembe ya kupuliza. Walipopiga kambi, watu waligawanyika katika vikundi vidogo vya kupika na kulala pamoja, na vikundi hivyo ndivyo vilivyoamua mengi kuliko mwenye mali: kama kesho wataondoka, kama posho inatosha, kama mgonjwa abebwe au aachwe.

Hapo kwenye mgonjwa ndipo penye kiini cha habari.

Msafara wa watu mia kadhaa haukuweza kumsubiri mtu mwenye ndui. Aliyeachwa alibaki katika nchi ambayo lugha yake haijui vizuri, mbele ya wenyeji wasiokuwa na sababu ya kumpenda. Kama ndugu wako mbali kwa mwendo wa miezi mitatu, nani atampa maji? Nani atamzika? Njia iliyohitaji makumi ya maelfu ya wapagazi kila mwaka ilihitaji pia jibu la swali hilo. Jibu mojawapo lilikuwa kwamba watu wa nchi fulani ni watani wa watu wa nchi fulani, kwa hiyo wanadaiana chakula, malazi na maziko, na katika malipo ya deni hilo wanaruhusiwa kutukanana watakavyo.

Ndivyo ilivyo kati ya Wanyamwezi na Wazaramo, na kati ya Wasukuma na Wazaramo. Misafara ya Unyamwezi iliikaribia pwani kupitia nchi za jirani na Wazaramo, miaka nenda miaka rudi, na watu waliokutana kila msimu walilazimika kuchagua kati ya kupigana na kutaniana. Stephen Rockel, aliyeandika historia ya wapagazi katika kitabu chake cha 2006, *Carriers of Culture*, anauhesabu utani miongoni mwa desturi zilizokuzwa na watu wa njiani. Utani mwingine ulizaliwa vitani. Wahehe na Wangoni walimwagiana damu katika karne hiyohiyo ya 19, na vita vilipokwisha wajukuu wao wakawa watani. Wengine walikuwa nao nyumbani tangu zamani: babu na mjukuu, shemeji na shemeji, watoto wa shangazi na wa mjomba. Njia ya misafara ilichukua mazoea ya jamaa ikayapeleka kwa wageni.

Kwamba adui wa jana angeweza kugeuzwa ndugu halikuwa jambo geni Unyamwezini. Mwaka 1871 vita vya Mtemi Mirambo na Waarabu wa Tabora viliifunga njia ya Ujiji. Henry Morton Stanley, aliyekuwa safarini kumtafuta Livingstone, akajiunga na Waarabu, na mwezi Agosti wakashindwa vibaya. Miaka mitano baadaye, Aprili 1876, Stanley na Mirambo walikutana uso kwa uso wakachanjiana damu kuwa ndugu. Kuchanjiana kulikuwa mkataba wa watu wawili. Utani ulikuwa wa makabila mazima, tena haukuhitaji sherehe: mtoto alizaliwa akiwa na watani wake tayari.

Kanuni zake zilijulikana na bado zinajulikana. Mtani huweza kuchukua kuku uani kwako bila kuomba, na huna shitaka. Huweza kukuita mchawi, mlafi, mtumwa wa ukoo wake aliyenunuliwa kwa kibaba cha chumvi ya Uvinza, mbele ya mkweo. Siku yako ikifika utamfanyia yeye. Kisasi kinaruhusiwa, hasira hairuhusiwi. Anayenuna amevunja kanuni, na watu humcheka yeye, si aliyemtukana.

Msibani ndipo utani unapoonekana ukiwa kazini. Watani hufika mapema. Huchimba kaburi, huteka maji, hupasua kuni, hupika. Wakati huohuo huvaa nguo za marehemu na kuiga mwendo wake, hulia kilio cha uongo mpaka waombolezaji wa kweli washikwe na kicheko, humdai maiti madeni mbele ya watoto wake. Mmoja huweza kuingia kaburini akalala chali na kukataa kutoka hadi apewe chochote. Wafiwa hulipa huku wakinung'unika. Mgeni asiyejua angeita polisi. Mwenyeji anajua kwamba aliyelala kaburini ndiye aliyekesha akilichimba.

Jambo hili liliwashangaza maofisa wa kikoloni, na baadhi walikaa chini wakaandika. Mwaka 1940 makala ya F. J. Pedler kuhusu utani wa Afrika Mashariki yalichapishwa katika jarida la *Africa*, na mwaka huohuo A. R. Radcliffe-Brown, mmoja wa wakuu wa elimu ya jamii wa Uingereza, aliyachukua yakawa mwanzo wa nadharia yake maarufu. Aliyefanya kazi kubwa zaidi uwanjani, hata hivyo, alikuwa mtaalamu wa ndege. Reginald Moreau alikuwa katika kituo cha utafiti cha Amani, milima ya Usambara, akichunguza viota na mayai. Mwanzoni mwa miaka ya 1940 alichapisha orodha za nani ni mtani wa nani Tanganyika, kwa subira ileile aliyoizoea kuhesabia ndege. Katikati ya miaka ya 1970 Stephen Lucas wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alirudia kazi hiyo kwa upana zaidi. Kwa taasisi isiyo na ofisi, utani umepata makarani wazuri.

Reli ilipaswa kuuua. Ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Tabora 1912 na Kigoma 1914, ikipitia Usinge. Katika miaka michache mwendo wa miezi ukawa wa siku, na mpagazi wa njia kuu akakosa kazi. Kisha Vita Kuu ya Kwanza ikamrudisha barabarani kwa nguvu, safari hii akibeba risasi na unga wa majeshi. Tarehe 19 Septemba 1916 askari wa Kongo ya Wabelgiji waliingia Tabora, na mji uliokuwa njia panda ya misafara ukajaa askari, mateka na wapagazi wa kila upande.

Humo ndimo ngoma ya beni ilimopata nguvu bara. Ilikuwa imezaliwa pwani ya Kenya katika miaka ya 1890, watu wakiiga bendi za kijeshi kwa ngoma, tarumbeta na gwaride, na katika koloni la Wajerumani ikagawanyika pande mbili zilizoshindana, Marini na Arinoti. Marini walijiona waungwana wa pwani, makarani na wenye koti safi. Arinoti walikuwa zaidi watu wa bara na wa kazi za mikono, na walidharauliwa hivyo. Kila upande ulikuwa na vyeo vyake, sare zake na karamu zake, na kila upande ulizika watu wake. Mwanahistoria Terence Ranger, katika kitabu chake cha 1975 kuhusu beni, anaeleza jinsi Waingereza baada ya vita walivyoingiwa na hofu kwamba nyuma ya ngoma hizo kuna mtandao wa siasa unaotoka pwani hadi maziwa makuu. Walichokiona kilikuwa marafiki wanaoshindana wakipeana habari kutoka mji hadi mji. Usukumani, jirani tu na Tabora, ushindani wa aina hiyo unaendelea hadi leo kati ya Bagika na Bagalu, ambao hukutana baada ya mavuno kupimana nani atavuta watazamaji wengi zaidi.

Wanyamwezi na Waha wengi walichukua reli kwenda kinyume, kutoka bara hadi mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro. Huko waliitwa manamba, kwa kuwa kila mmoja alikuwa na namba yake, na mwaka 1944 wenye mashamba waliunda SILABU, ofisi yao ya kuajiri vibarua kutoka mikoa ya mbali. Kambi ya mkonge ilikuwa na tatizo lilelile la msafara: mtu anakufa mbali na kwao. Utani ulikuwa tayari kwa kazi hiyo. Wapagazi walikuwa wamekwisha kuugeuza bima ya msafiri, na manamba aliikuta bima hiyo bado hai.

Dar es Salaam ikaupokea kwa mtindo wake. Mwaka 1935 vijana wa mjini waliokuwa wakicheza pamoja waliiunda Young Africans, yaani Yanga. Mwaka uliofuata baadhi yao walijitenga wakaanzisha timu iliyoitwa Queens, ikawa Eagles, ikawa Sunderland, na mwaka 1971 ikawa Simba. Mashabiki wa Simba hawapendi kukumbushwa kwamba walitoka nyumba moja na Yanga, na mashabiki wa Yanga hawachoki kuwakumbusha. Magazeti yanaziita timu hizo watani wa jadi, na ukiliangalia jambo lenyewe, jina linastahili: ni ndugu waliogawana, wanaishi jirani, Jangwani na Msimbazi, na kila mmoja anamhitaji mwenzake ili apate wa kumcheka.

Kumbukumbu za utani huo zimeandikwa kwa namba. Tarehe 1 Juni 1968 Yanga ilishinda 5–0. Tarehe 19 Julai 1977 Simba ikalipa 6–0, Abdallah Kibadeni akifunga matatu peke yake. Tarehe 6 Mei 2012 Simba ikashinda 5–0, na tarehe 5 Novemba 2023 Yanga ikajibu 5–1. Mtu aliyezaliwa miaka 20 baada ya mechi ya 1977 anaweza kuitaja kama vile alikuwa uwanjani, na anayetajiwa anajua pa kuumia. Vijiwe vya kahawa vya Tabora na Kaliua vinaishi kwa hizo namba. Utopolo! Makolo! Matusi hayo hutumiwa na watu wanaokopeshana baiskeli.

Tabora yenyewe ilikuwa na timu zake za kujivunia. Milambo, iliyobeba jina la mtemi, iliwahi kucheza ligi ya taifa. Baada ya miaka mingi ya ukame Tabora United ikapanda Ligi Kuu msimu wa 2023/24 ikitumia Uwanja wa Ali Hassan Mwinyi. Msimu uliofuata, tarehe 7 Novemba 2024, vijana hao waliojiita Nyuki wa Tabora waliifunga Yanga 3–1 ugenini Dar es Salaam. Mwenye kupenda sadfa ataona kwamba ilikuwa tarehe ileile ambayo Burton aliingia Kazeh, miaka 167 kabla. Siku hiyo watani wa pwani hawakuwa na la kusema, na Wanyamwezi walisema kwa niaba yao.

Tarehe hiyo ina habari moja zaidi, na inatoka mbali. Katika mwaka uleule wa 1968 ambao Yanga ilishinda tano bila, mwanafunzi mmoja wa Marekani, Joel Silver, alijifunza kambini mchezo wa kurushiana kisahani cha plastiki kutoka kwa Jared Kass. Aliporudi shuleni kwake, Columbia High School ya Maplewood, New Jersey, alipeleka hoja kwenye baraza la wanafunzi kwamba shule iwe na timu ya frisbee. Aliitoa kwa mzaha, na ikapita. Mechi ya kwanza ilikuwa kati ya baraza la wanafunzi na wahariri wa gazeti la shule, mpambano ambao mtu wa Usinge angeuelewa mara moja: waoaji na makapera wa kule. Walicheza jioni katika maegesho ya magari, chini ya taa. Silver na rafiki zake Bernard Hellring na Jonathan Hines waliandika kanuni, na tarehe 7 Novemba 1970 walicheza na shule nyingine kwa mara ya kwanza wakaifunga Millburn High 43–10.

Mchezo huo, Ultimate, una wachezaji 7 kila upande. Mwenye kisahani haruhusiwi kukimbia nacho, lazima amrushie mwenzake, na bao hupatikana kinapodakwa ndani ya eneo la mwisho la wapinzani. La kushangaza ni kwamba hauna refa. Anayeonewa husema mwenyewe kwamba ameonewa, aliyemwonea hukubali au hubisha, wanaelewana, mchezo unaendelea. Hata katika mashindano ya dunia timu hupeana alama baada ya mechi kwa jinsi zilivyotendeana haki. Shirikisho la dunia liliundwa mwaka 1985 na Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ikalitambua rasmi 2015. Kenya na Uganda ni miongoni mwa wanachama wake wa Afrika.

Wanaousifu mchezo huo hupenda kuueleza kama uvumbuzi wa karne ya 20, kwamba watu wazima wanaweza kushindana kwa bidii bila askari wa kuwachunga. Wangeshuka kwenye behewa Kaliua au Usinge mwezi wa Agosti, wangepunguza sifa. Kwenye bonanza nguzo za goli ni miti miwili na wavu haupo, kwa hiyo nusu ya magoli hubishaniwa. Urefu wa kipindi hupungua kadiri pumzi zinavyopungua. Kapera aliyeangushwa humwambia mwoaji kwamba mkewe anamlisha vibaya ndiyo maana hafiki kwenye mpira ila kwa miguu ya wenzake. Mwoaji humjibu kwamba yeye angalau anapikiwa. Mpira wa adhabu hupigwa, au haupigwi, kutegemea nani amechekwa zaidi. Ni mahakama yenye taratibu zake, na hukumu yake hutoka haraka kuliko ya mahakama ya mwanzo.

Wanawake wana michezo yao siku hiyohiyo, na wengi huwaona ndio wenye bonanza: mpira wa pete, kuvuta kamba, rede, mbio za magunia, kukimbiza kuku. Mawifi hupangwa dhidi ya mawifi, wakwe wa mtaa huu dhidi ya mtaa ule. Wimbo wa kejeli hutungwa palepale pembeni mwa uwanja, na ukimpata mtu vizuri ataimbiwa kisimani na sokoni msimu mzima. Jioni mbuzi huchinjwa na kuliwa na pande zote mbili, kwa sababu mshindi anayekwenda na mbuzi mzima nyumbani hatapata wa kucheza naye mwakani. Wazee huamini kuwa mbuzi ndiye hasa mwamuzi wa mchezo.

Kipimo chenyewe huja baadaye, mbali na uwanja. Mchezaji mmoja anapofiwa, timu ya upande wa pili huonekana msibani ikiwa na majembe. Shabiki wa Yanga aliyekufa huweza kuzikwa na watani wanaolia kwamba amekwepa kuwalipa madeni ya mechi, na jeneza lake huweza kuzuiliwa njiani mpaka ndugu watoe kitu. Hapo bonanza linakuwa limerudi lilikotoka: kwa mpagazi aliyehitaji mtu wa kumzika kando ya njia.

Lakini historia ya taasisi haikamiliki bila kusema panapovuja. Pa kwanza ni kubeti. Mkeka wa kubeti umeingia hadi vituo vidogo vya reli, na mtu aliyepoteza fedha ya mbolea kwa goli la dakika ya mwisho hana hamu ya kutaniwa. Utani ulivumilia kushindwa kwa sababu kushindwa hakukuwa na bei. Pa pili ni simu. Makundi ya mtandaoni yamejaa kejeli za Simba na Yanga, nyingine za kipaji kikubwa, zikirushwa kati ya watu wasiofahamiana kabisa. Hapo pana nusu moja ya utani, ile ya matusi. Nusu ya pili, ya kuchota maji na kuchimba kaburi, haipiti kwenye simu. Ndiyo maana kejeli za mtandaoni hufika polisi na za kijiweni hazifiki. Pa tatu ni vijana wenyewe. Kijana wa Kaliua leo huweza kutaja kikosi cha Yanga chote pamoja na wa akiba, lakini ukimuuliza kwa nini Mzaramo aliyehamia mtaani anachukua kuku wa babu yake bila kuomba, atasema ni wizi.

Orodha ya Moreau ina zaidi ya miaka 80 sasa na ya Lucas takriban 50, na tangu hapo watu wamehama sana. Kaliua na Urambo zimepokea wafugaji wa Kisukuma na ng'ombe wao, Waha kutoka Kigoma, na wakimbizi wa Burundi waliofika makazi ya Ulyankulu kuanzia mwaka 1972, ambao wengi wao wamekuwa raia. Utani unaochipuka kati ya hawa wote, katika mashamba ya tumbaku na kwenye viwanja vya mpira, unastahili kuandikwa ukiwa bado mbichi. Maofisa utamaduni wa wilaya hizi mbili wana nafasi nzuri, kwa kuwa bonanza huwakusanya wote mahali pamoja. Waandaaji wawape wazee robo saa kabla ya mpira kuanza, waeleze nani ni mtani wa nani na tangu lini, na mwalimu mmoja wa shule ya jirani akae pembeni na daftari.